Mlima kwenye Keria

Nimekichora kisiwa cha Ngazija nyuma ya kalenda ya mwaka juzi,
kwa penseli, juu ya meza ya chakula.
Nyanzala akatua kikombe cha chai palepale Moroni,
kikaacha duara la kahawia. Tukaliita bandari.

Barabara inakizunguka kama mkanda kiunoni mwa mtu mnene:
Mitsamihuli kule juu, Mbeni,
kisha kuambaa mashariki hadi Fumbuni, na kurudi.
Siku nne, nasema mimi.
Sita, asema Nyanzala, ambaye huwa ananisubiri njiani.

Katikati hatukuchora kitu. Tumeandika Karthala tu,
mlima wa moto,
umelala, lakini usingizi wake ni wa mlinzi.

Tatizo ni kwamba sisi ni watu wa Tabora.
Mji huu umetandikwa kama mkeka;
kutoka Isevya hadi Cheyo chungwa likidondoka
halijui liviringike kwenda wapi.
Kazehill tunaiita kilima kwa adabu.
Jana asubuhi nimeipanda mara arobaini
mpaka muuza vitumbua akaniuliza
kama kuna kitu nimeangusha.

Kabula wa asali ndiye aliyenicheka vizuri,
yeye aliyekuwa akitoka Sikonge na madumu manne
kwa baiskeli isiyo na gia wala huruma:
"Mlima ni mzigo uliosimama wima, basi.
Huna mlima? Beba mzigo."

Nikafunga mfuko wa mchanga kwenye keria, kilo hamsini,
nikashika njia ya Igombe,
upepo wa Agosti ukinisukuma kifuani kama askari wa getini.
Nilifika.
Nilikaa chini kando ya bwawa, sikusema neno mpaka saa nne.

Mmadi, aliyepanga Gongoni enzi za kozi yake ya uuguzi,
katuma ujumbe wa sauti, majogoo yakiwika nyuma yake:
"Njooni. Ila msinisifie mapafu, nionyesheni breki.
Kupanda huku ni aibu ya nusu saa,
kushuka ndiko kunakotaka wosia.
Mawe meusi ya volkano kulia na kushoto,
na kona zetu hazina subira.
Halafu maji mbebe. Hakuna mto hapa,
tunakinga mvua kwenye matangi."

Nyanzala akashika mbavu kwa kicheko. Maji!
Atufundishe sisi,
tuliojua kuhesabu ndoo kabla ya kuhesabu vidole?

Daftari letu lina kurasa mbili zinazotazamana.
Kushoto, mwandiko wangu: nauli ya treni hadi Dar,
baiskeli mbili behewa la mizigo, tiketi za ndege (nimeweka alama ya kuuliza),
tyubu sita, solusheni, spoku,
gia ya nyuma yenye meno thelathini na mbili.
Kulia, mwandiko wake: mabati ya jiko,
ada ya Mihambo, jino la baba Mihambo.
Mwaka jana ukurasa wa kulia ulishinda.
Mwaka juzi pia, dakika za nyongeza.
Sina kinyongo. Jino lilikuwa linauma kweli.

Lakini leo jioni kifurushi kimefika stesheni,
kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani:
mipira ya breki, jozi nne, mipya, inanuka duka.
Nimeifunga sebuleni, baiskeli kichwa chini miguu juu,
umeme umekatika,
Nyanzala ananimulikia kwa simu yenye asilimia tisa.

Nikazungusha gurudumu la nyuma mpaka spoku zikapotea.
Nikabana.
Likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, likasimama.
Jirani akagonga ukuta.

"Tena," akasema Nyanzala.

Nikabana tena. Likasimama upesi zaidi.
Akaivuta kalenda mwangani,
akafuta sita kwa kidole kilicholowa mate,
akaandika tano.
Jirani bado anagonga.